Bei Hupatikana Kabla ya Kikao: Somo la Majadiliano na Usimamizi kwa Wanachama wa Vyama na Vikundi vya Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Ndugu mlaji, neno "mlaji" huwafanya wengi wamfikirie mtu anayenunua sukari dukani au anayelipa nauli ya basi. Maana yake ni pana zaidi. Mkulima wa Rulenge anayekopa fedha kwa ahadi ya kahawa ni mlaji wa huduma ya mkopo. Mwanachama wa chama cha msingi anayekatwa ushuru katika kila kilo ni mlaji wa huduma za chama chake. Kikundi cha Lusahunga kinachokodi lori la kupeleka mahindi Kahama ni mlaji wa huduma ya usafirishaji. Wote hawa hukutana na upande wa pili, wakajadili bei na masharti, wakafunga mapatano. Wakijadili vibaya, hasara inaingia nyumbani.

Somo hili limeandikwa kwa ajili yao. Ukilimaliza utaweza:

(a) kueleza kwa nini nguvu ya majadiliano hutegemea maandalizi kuliko ufasaha wa maneno;
(b) kukokotoa gharama halisi ya mapatano kabla ya kuyakubali;
(c) kuwapa viongozi wa kikundi idhini yenye mipaka na kuwadai taarifa;
(d) kukagua mkataba na mizani, na kujua mahali pa kupeleka malalamiko.

1. Chama ni chombo cha mapatano

Mkulima mmoja mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi anayehitaji magunia mia tano. Mnunuzi akimkosa huyo, atampata jirani yake. Lakini wakulima mia mbili wakisema kwa kinywa kimoja, mnunuzi hulazimika kusikiliza. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuwapo kwa ushirika, na katika eneo hili sababu hiyo ina historia ndefu. Sheria ya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, wakulima wa kahawa wa Bugufi, katika milima ya Ngara ya leo, nao walikuwa na chama cha ushirika cha kuuzia kahawa yao.

Safari hiyo haikuwa nyoofu. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kurejea. Leo vyama vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, na msimamizi wake ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika mpangilio huo, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu ndani ya chama. Mwenyekiti, bodi na meneja hupata madaraka yao kutoka kwa wanachama. Asiyelielewa jambo hili hukaa mkutanoni kama mgeni, akapiga makofi na kuondoka bila kuuliza neno.

2. Butura: pale ambapo majadiliano hushindwa kabla ya kuanza

Mkoani Kagera hakuna somo la majadiliano lililo wazi kuliko butura. Butura ni mtindo wa kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa bado ni maua. Mnunuzi hutoa fedha leo, na mkulima huahidi kiasi fulani cha kahawa wakati wa mavuno. Viongozi wa Serikali mkoani wameupiga marufuku na kuukemea mara nyingi, lakini bado unarudi kwa njia ya siri. Ili kuelewa kwa nini unarudi, ni lazima tumtazame mkulima mwenyewe.

Mwezi Januari shule hufunguliwa. Ada imeondolewa katika shule za Serikali, lakini sare, viatu, madaftari na mahitaji ya bweni bado ni juu ya mzazi. Pengine kuna mgonjwa nyumbani. Kahawa haijaiva, msimu wa ununuzi utafunguliwa katikati ya mwaka. Mnunuzi wa butura huja wakati huo. Anajua kwamba mkulima hana pa kwenda, na bei anayotaja inatokana na shida anayoiona machoni pa mwenzake. Hapo hakuna majadiliano ya kweli, kwa sababu upande mmoja hauwezi kusema "hapana."

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mkulima anahitaji shilingi 150,000 mwezi Januari. Mnunuzi anampa fedha hizo kwa ahadi ya kilo 100 za kahawa ya maganda mwezi Julai. Maana yake kila kilo imeuzwa kwa shilingi 1,500. Tuseme mwezi Julai bei ya kilo katika chama ni shilingi 4,000. Kahawa ile ingempatia shilingi 400,000. Kwa hiyo, kwa kutumia shilingi 150,000 kwa muda wa miezi sita, mkulima amelipa gharama ya shilingi 250,000.

Sasa tuseme mkulima huyo angekuwa mwanachama wa SACCOS inayotoza asilimia 2 kwa mwezi juu ya fedha iliyokopwa. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 3,000. Ya miezi sita ni shilingi 18,000. Angerudisha shilingi 168,000 na kubaki na shilingi 232,000 mkononi.

Mtetezi wa butura atasema: "Na bei ikishuka je? Mnunuzi ndiye anayebeba hasara." Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu. Bei ikishuka hadi shilingi 2,000, kilo 100 ni shilingi 200,000, na gharama ya butura inabaki shilingi 50,000, ambayo bado inazidi ile 18,000. Katika mfano wetu, butura ingemfaa mkulima pale tu bei ingeshuka chini ya shilingi 1,680 kwa kilo. Mnunuzi amekwisha kuipima hatari hiyo kabla ya kutaja bei yake. Mkulima naye aipime.

Fundisho la hesabu hii ni moja, nalo ndilo kiini cha somo zima: mwenye njia mbadala ndiye mwenye sauti. Mkulima mwenye akiba kidogo katika kikundi, au mwenye haki ya kukopa katika SACCOS, hukutana na mnunuzi yule yule, katika mwezi ule ule, lakini anaweza kumwambia, "Bei hiyo sitaikubali." Neno hilo lilitayarishwa miezi mingi kabla, siku alipoanza kuweka akiba. Ndiyo maana tunasema bei hupatikana kabla ya kikao.

3. Maandalizi: maswali matano

Kabla ya kukutana na upande wa pili, mtu binafsi au kikundi kijibu maswali yafuatayo kwa maandishi.

Kwanza, tunataka nini hasa? Mara nyingi tunachodai kwa mdomo sicho tunachohitaji. Kikundi hudai "bei ya juu," kumbe kinachokiumiza ni malipo yanayochelewa. Haja ikitajwa wazi, milango ya mapatano huongezeka.

Pili, tusipopatana, tutafanya nini? Jibu la swali hili ndilo njia mbadala yetu. Likiwa ni "hatuna la kufanya," basi kazi ya kwanza ni kuitafuta njia hiyo, na mazungumzo yasubiri.

Tatu, kikomo chetu ni kipi? Kikundi kikubaliane juu ya bei ambayo hakitavuka, ya juu kwa mnunuzi au ya chini kwa muuzaji. Kikomo hiki ni siri ya kikundi. Kikitajwa gulioni asubuhi, mchana kitakuwa ndiyo bei ya kuanzia ya upande wa pili.

Nne, upande wa pili unahitaji nini? Ana haraka? Ana mzigo wa kurudi nao? Je, anaogopa kucheleweshewa malipo? Jambo lililo jepesi kwetu laweza kuwa na thamani kubwa kwake.

Tano, bei ya haki ni ipi? Ulizia bei katika masoko matatu au zaidi. Kwa kahawa, fuatilia matokeo ya minada inayoendeshwa kupitia vyama vikuu na Soko la Bidhaa Tanzania. Usitegemee habari ya bei inayoletwa na mtu yule yule anayetaka kununua.

4. Mezani: mfano wa mazungumzo

Huu ni mfano wa kufundishia. Kikundi kimoja huko Lusahunga, wilayani Biharamulo, kina magunia 100 ya mahindi, kila gunia kilo 100, yapelekwe Kahama. Mwenye lori ametaja shilingi 6,000 kwa gunia, yaani shilingi 600,000. Kikundi kimepata lori jingine kwa shilingi 5,000, lakini litafika baada ya wiki moja. Hiyo ndiyo njia mbadala yao, na wamekubaliana kwamba shilingi 5,000 ndiyo kikomo. Aidha, wamejua kwamba lori hili lilipeleka mzigo Rusumo na linarudi tupu, na kwamba lina leseni ya kubeba mizigo ya ndani. Msemaji wa kikundi ni mama mmoja mtu mzima.

Mwenye lori: Shikamoo mama. Elfu sita ndiyo bei ya barabara hii.

Msemaji: Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hebu tuelewane, katika bei hiyo kinachokusumbua zaidi ni nini? Mafuta, au kusubiri?

Mwenye lori: Kusubiri, mama. Nikipakia kutwa nzima nalala hapa. Na wengine mzigo ukifika wananiambia rudi wiki ijayo uchukue hela.

Msemaji: Sisi tutakuwa na vijana wetu wa kupakia, saa moja asubuhi magunia yako barabarani. Mhasibu wetu atasafiri na mzigo. Ukishusha, unalipwa pale pale. Kwa masharti hayo tunakupa elfu nne na mia tano.

Mwenye lori: Hapo mama umenibana. Elfu tano na mia tano.

Msemaji: Tuna lori jingine linakuja wiki ijayo, na bei yake ni nafuu kuliko hiyo. Tumekuita wewe kwa sababu uko hapa leo na unarudi tupu. Elfu nne na mia nane, tuandikiane sasa hivi.

Mwenye lori: Haya mama, bei ni maelewano. Tuandikiane.

Magunia 100 kwa shilingi 4,800 ni shilingi 480,000. Kikundi kimeokoa shilingi 120,000 kutoka bei ya kwanza na hakikusubiri wiki nzima. Mwenye lori naye hakudhulumiwa: amepata mzigo wa kurudi nao, hakupoteza siku, na amelipwa taslimu.

Tazama mambo manne aliyoyafanya msemaji. Aliuliza kabla ya kutaja bei. Alitoa kitu chenye thamani kwa mwenzake, ambacho kikundi kiliweza kukitoa bila gharama kubwa. Aliitaja njia mbadala kwa ukweli na bila vitisho, wala hakuitaja bei yake. Na pale walipokubaliana, aliomba maandishi papo hapo. Hakudanganya popote. Uongo mezani huzaa faida ya siku moja. Katika wilaya ambazo watu wanajuana, mwenye lori atarudi kesho, na habari zitakuwa zimemtangulia.

5. Usimamizi: nani azungumze, na kwa idhini ya nani

Vikundi vingi huvunjika kwa sababu wanachama hawakujua kilichozungumzwa huko mezani. Bei yaweza kuwa nzuri, lakini mwenyekiti akienda peke yake, akarudi na jibu lisilo na karatasi, mnong'ono huanza. Kwa hiyo majadiliano na usimamizi ni mambo yasiyotengana. Kanuni zifuatazo hulinda kikundi, na humlinda pia kiongozi mwaminifu.

Idhini iwe ya maandishi. Kikao cha wanachama kiamue jambo litakalojadiliwa, kikomo, muda, na watu watakaokwenda. Muhtasari uandikwe na kusainiwa kabla ya safari. Pale upande wa pili unapotoa pendekezo lililo nje ya idhini, wajumbe waseme, "Jambo hili ni la wanachama, tutawarudishia jibu." Kauli hiyo huwapa muda wa kufikiri na kuwaepusha na shinikizo la kusaini papo kwa papo.

Waende watu wasiopungua watatu. Mmoja ni msemaji, mmoja ni mwandishi, mmoja hushika hesabu. Msemaji ni mmoja tu. Wajumbe wakipingana mbele ya mnunuzi, mnunuzi atachagua yule dhaifu na kuzungumza naye. Wakitofautiana, waombe kutoka nje kidogo.

Maslahi binafsi yatajwe mapema. Mjumbe ambaye lori ni la shemeji yake aseme hivyo na kuwaachia wengine kazi hiyo. Zawadi, chakula cha gharama au "nauli" kutoka upande wa pili ikataliwe, au iandikwe katika taarifa.

Taarifa itolewe kwa muda uliopangwa. Bei iliyopatikana, kiasi kilichouzwa, makato na salio yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa maandishi yanayosomeka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwanachama naye ana wajibu. Katika mkutano mkuu aulize: Kahawa yetu iliuzwa kwa bei gani mnadani? Kila kilo ilikatwa shilingi ngapi, kwa ajili ya nini, na nani aliidhinisha makato hayo? Ukomo wa madeni ya chama mwaka huu ni kiasi gani, na tumekopa kiasi gani? Hesabu zetu zilikaguliwa lini? Ukaguzi wa vyama ni kazi ya COASCO, shirika lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1982, na ya wakaguzi wengine wanaokubalika kisheria. Maswali haya si utovu wa adabu. Yaulizwe kwa heshima, kupitia kwa mwenyekiti wa mkutano, na majibu yaandikwe katika muhtasari.

6. Karatasi na mizani

Mapatano mazuri yaweza kuharibiwa na karatasi mbaya. Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unataja: majina ya pande zote, aina, ubora na kiasi cha bidhaa, bei, na nani analipia upakiaji, ushuru na usafiri, siku na mahali pa makabidhiano, siku na njia ya malipo, nani anabeba hasara mzigo ukiharibika njiani, na hatua zitakazofuata upande mmoja ukivunja ahadi. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Usisaini lugha usiyoielewa mpaka mtu unayemwamini akusomee. Ondoka na nakala yako.

Kwa mkopo, uliza swali moja kabla ya mengine yote: "Jumla ya fedha nitakayorudisha ni shilingi ngapi, na lini?" Mkopeshaji asiyeweza kulijibu kwa tarakimu moja hafai kukopwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha Na. 10 ya mwaka 2018 inawataka watoa huduma hiyo wawe na leseni au usajili. Omba kuuona. Mikopo ambayo wananchi wameibatiza jina la "kausha damu" hustawi pale ambapo hakuna anayeuliza. Usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki na namba yake ya siri kama dhamana.

Kwa mizani, simama unapoweza kuiona. Hakikisha inaanzia sifuri kabla mzigo haujawekwa, na kwamba ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo iliyo ndani ya muda wake. Usiuze kwa ndoo au debe pale ambapo mizani ipo. Kataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilemba juu, kwani hapo unatoa kilo ambazo hulipwi. Dai stakabadhi yenye uzito, bei na tarehe.

7. Mapatano yakivunjwa

Anza kwa mwenye kukukosea, kwa barua, ukitunza nakala. Asiporekebisha, peleka lalamiko mahali panapohusika:

– Jambo la chama cha ushirika au SACCOS: Afisa Ushirika katika ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Ngara au ya Biharamulo, kisha Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa.

– Mizani na vipimo: Wakala wa Vipimo.

– Udanganyifu katika biashara, bidhaa bandia au mwenendo wa kumwonea mlaji: Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003.

– Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu: malalamiko kwanza kwake, kisha Benki Kuu ya Tanzania.

Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yaliyopatikana kwa kulazimishwa, kwa udanganyifu au kwa ushawishi usio wa haki yanaweza kubatilishwa na mahakama kwa ombi la aliyeonewa. Hata hivyo, lalamiko lisilo na stakabadhi, muhtasari au nakala ya mkataba ni gumu kuthibitishwa.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa butura, tuseme SACCOS inatoza asilimia 3 kwa mwezi badala ya 2. Mkulima atarudisha kiasi gani baada ya miezi sita? Je, butura itamfaa bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo?

2. Taja njia mbadala tatu ambazo kaya yako inaweza kuzitayarisha kabla ya mwezi Januari ujao.

3. Kikundi chako kinataka kununua mabati 300 kwa pamoja. Andika idhini ya wajumbe: jambo, kikomo, muda, na majina ya kazi tatu.

4. Soma stakabadhi yako ya mwisho ya mauzo. Ni jambo gani linalokosekana?

Majibu ya swali la 1: Riba ni shilingi 4,500 kwa mwezi, yaani 27,000 kwa miezi sita, atarudisha shilingi 177,000. Kwa bei ya shilingi 2,000, butura ingemgharimu shilingi 50,000, hivyo mkopo bado ni nafuu kwa shilingi 23,000.

Hitimisho

Hakuna somo litakaloondoa shida ya mwezi Januari, na hakuna ufasaha unaoweza kushika nafasi ya akiba. Lakini kikundi cha watu thelathini kinachoanza kuweka fedha kidogo kidogo mara tu kahawa inapouzwa, kikaandika kila senti, na kikawapa viongozi wake idhini yenye mipaka, kitafika Januari kikiwa na mfuko wa kuwakopesha wanachama wake. Mnunuzi wa butura akibisha hodi, atakaribishwa kwa heshima, atapewa kiti, na ataambiwa kwamba kahawa ya nyumba hii itauzwa ikishaiva, ikishapimwa, kwa bei ya siku hiyo.